Gésier Tatu ku Njia ya Kasomeno

Tubeti. Soma mpaka ku mwisho, na kama hautasema «wapi, ile iko uongo», miye nitanyoa ndevu nusu ya uso na nitatembea vile mu Bel-Air yote, quartier yetu ya Lubumbashi. Hakuna mwenye ataamini. Hata Rigobert, mwenye bintu bilimufikia, akisimulia anasimamaka katikati, anajiuliza kama ni yeye kweli.

Rigobert iko mecano, fundi ya moto, ile pikipiki, pale mu Bel-Air, fasi kunatokaka moshi na kelele. Moshi ni ya moto, kelele ni yake. Aliachana na masomo mu quatrième primaire, mwaka ya ine tu. Yeye anasemaka hapana, masomo njo ilichoka kumufwata. Lakini masikio iko nayo! Moto ikiwa ingali kule ku kona, yeye amelala chini ya ingine, unamusikia: «Ule anakuya, bougie yake ya kuwasha injini imekufa.» Na iko kweli. Njo pale kiburi ilimuingilia. Kama masikio iko vile, alijiambia, basi na lulimi iko vile vile.

— Miye nikitia kuku mu kinywa, anasemaka, ananiambia jina ya mama yake.

Sasa bibi yake, Wivine. Samedi, siku ya Jumamosi, alikuwa anaenda kufungua resto ya kuku ya kuchoma pa mulango ya parcelle yabo. Meza iko, ma-chaise ya plastique iko, mbabula mbili kubwa, jiko ya makala, iko. Ilibakia tu plaque, kibao ya jina. Léonard, peintre, alipanda ku ngazi, akaandika CHEZ, ni kusema «kwa», na rangi nyekundu, herufi nene ya kupendeza macho. Kisha akageuka na pinceau mu mukono.

— Chez nani?

— Chez Rigobert!

— Chez Wivine!

Bote mara moya. Léonard akashuka.

— Mukisha kupatana mutaniita. Rangi yangu haipendi matata ya ndoa.

Mujue kintu kimoya. Miaka kumi na moya Wivine iko mu ile avenue, na hakuna mwenye anamuita jina yake. Ku soko ni «bibi ya mecano». Ku kanisa ni «mama Gracia», juu ya binti yabo. Jina Wivine inalala mu carte yake tu, mu sanduku, chini ya maputa yake ya kitenge. Alitaka kuiona mara moya tu, kubwa, nyekundu, fasi bantu banapita. Rigobert alijua ile. Lakini na yeye alitaka yake. Muntu ya kiburi haachake plaque yenyewe ipite.

— Mama Gracia, mwenye kujua kuku njo mwenye resto. Weye unajua kuku?

— Baba Gracia, weye unajua kukula. Kujua iko ingine.

— Ah bon? Njo vile? Tutaona!

Njo vile bet ilizaliwa. Batapanda moto mpaka Kasomeno. Resto tatu ya kuku pa njia, kila mumoja ataonja na atasema: kuku ya mugini, ile ya kienyeji, ao kuku ya ferme, ile ya kufungiwa. Kisha batauliza mwenye kupika. Mwenye kupata mingi, jina yake inapanda ku plaque.

— Na tukilingana? Wivine aliuliza.

— Tukilingana, ni ya mwenye moto.

— Na mwenye moto ni nani?

— Ah, Mama Gracia. Ile unauliza mecano?

Jeudi asubuyi, siku mbili mbele ya kufungua, banatoka. Rigobert alivala lunettes ya jua na kofia ya kuchoma soudure. Alisema upepo ya ile njia ya kwenda Kasenga inaogopaka bantu ya kuvaa vile. Wivine nyuma, kitambaa ku kichwa, mikono mu tumbo ya bwana, anacheka mbele hata ya kutoka mu Kampemba, commune yabo. Miaka mingapi habakuenda fasi babili tu, bila mutoto, bila muzigo, bila maiti ya kulilia? Hata bo habakukumbuka.

Resto ya kwanza ilikuwa pa kutoka muji, bati ine na radio. Wivine akaruka chini mbele moto ikufe.

— Naenda kunawa mikono!

Akapotea nyuma, kule moshi inatoka. Rigobert akakaa sawa chef, miguu mbali mbali. Sahani ikakuya: kuku, bukari, ni kusema ugali, pilipili ya kukata. Akageuza nyama na kidole, mara moya, mara mbili.

— We binti. Gésier iko wapi?

Hapa tuelewane. Gésier, ile kanyama kagumu ka mu tumbo, wengine banaita firigisi, kwetu ni ya bwana. Mwanamuke akipika kuku mu nyumba, gésier inaenda mu sahani ya baba, na hakuna muzungumuzo. Gésier ikikosekana, jioni ile haitakuwa nzuri. Miaka kumi na moya Wivine aliosha gésier, alipika gésier, alimutilia Rigobert gésier. Rigobert hakukosaka hata moya.

— Iliisha, papa, ule binti alijibu, na akaangalia chini.

— Iliishaje? Kuku alizaliwa bila?

Wivine akafika, anapanguza mikono. Banakula. Lo! Mafuta inatiririka mpaka ku kisigino ya mukono. Rigobert anafunga macho.

— Mugini. Huyu alikimbia maisha yake yote.

— Mugini, Wivine naye alisema.

Banauliza. Mugini. Moya, moya.

— Unanikopia, Rigobert alisema. Sawa ku masomo.

— Ku masomo ulikaa siku ngapi ya kukopia?

Rigobert alicheka mpaka bukari ikamupita njia mbaya.

Resto ya pili: paillote ya nyasi pa kando ya barabara, vumbi ku nyusi ya kila mutu, hata ku nyusi ya mbuzi. Tena Wivine anaruka, tena «naenda kunawa». Tena sahani bila gésier! Rigobert akaanza kuwaza kama kuku ya hii njia iko na ugonjwa. Nyama ilikuwa laini, inaachana na mufupa yenyewe. Hakukawia.

— Ferme! Huyu hakujua hata kutembea. Alikuwa analetewa bukari ku kitanda.

— Mugini, Wivine alisema pole pole, analamba kidole. Ingali mutoto tu.

Mupishi, muzee moya na pilipili ku shati, akatikisa kichwa.

— Ni jogoo ya mama yangu. Ilikuwa inalala mu cuisine, haijamaliza hata kujua kulia.

Wivine akasimama, akacheza! Pale pale, mu vumbi, mbele ya ba-chauffeur ya camion, anazunguka na kitambaa mu mukono: «Mbili! Mbili kwa moya!» Ba-chauffeur banamupigia makofi bila kujua juu ya nini. Rigobert alikunja uso, lakini munajua vile? Mu tumbo alikuwa na furaha. Hakuonaka huyu mwanamuke akicheza tangu ndoa.

Lakini plaque ni plaque.

Mpaka Kasomeno alikuwa anapiga hesabu: akipata ya tatu, na bibi akikosa, ni mbili kwa mbili, na moto ni ya nani?

Kasomeno, resto ya Mama Albertine. Kila chauffeur ya ile njia anaijua. Mama munene, sauti nene, mbabula sita kwa mustari. Wivine akaenda kunawa. Rigobert akaagiza kuku mumoja muzima na akavua lunettes, juu mambo ilikuwa sasa sérieux.

Kuku ikakuya. Ngumu! Inavuta meno sawa kutoa pneu, ile tairi, ku jante ya chuma. Supu yake ya manjano, nzito, harufu ya kukufanya usahau deni. Rigobert akatafuna, akatafuna. Akapiga meza.

— Mugini! Mugini ya kweli! Huyu alizaa, akalea, akazika! Mama Gracia, kama huyu ni ya ferme, miye mwenyewe nitashika pinceau na nitaandika jina yako.

— Umesema?

— Nimesema, na bote banasikia.

Wivine akatafuna kapande kadogo. Rigobert akakumbuka ile jina ya kulala mu sanduku, na kwa mara ya kwanza mu ile safari aliogopa kushinda.

— Ferme, alisema.

— Mama Albertine! Kuya utuambie!

Mama Albertine akakuya, mikono ku kiuno.

— Hii? Hii ni pondeuse, kuku ya mayai. Ikichoka kuzaa, ba-ferme banauzisha. Nyama inakuwa ngumu, bantu bote banafikiria ni ya mugini. Ndugu yangu anaileta na camion kila mardi. Inatoka kwenu ku Lubumbashi.

— Lubumbashi fasi gani?

— Kampemba.

Bwana alipanda moto siku muzima, alikula vumbi ya barabara yote, juu ya kuku ya commune yake mwenyewe.

— Na gésier yake? Rigobert aliuliza, sauti ya mutu anatafuta kintu yoyote ya kushika.

— Lakini bibi yako aliikula! Mama Albertine alishangaa. Alikuya ku mbabula akaniomba, nikamupa na munyu.

Rigobert akageuka. Wivine aliangalia juu, ku plafond, na plafond haikuwapo.

— Zote tatu?

— Zote tatu.

— Uliiba!

— Tulisema tutaonja kuku. Hatukusema fasi gani ya kuku. Sikiya, Baba Gracia. Gésier ya mugini inasagaka muchanga. Iko nene, ngumu, sawa pneu ya nyuma. Ya ferme inakulaka bunga tu. Iko laini sawa chambre à air, ule mupira ya ndani. Gésier haidanganye. Miaka kumi na moya nazipasua na kisu, najua kila kuku kwa mukono. Lakini ladha sikuijua. Hapa hakuna mwenye ananijua kama miye ni bibi ya nani. Nikasema, leo nitakula.

— Na iko namna gani?

— Tamu! Wivine alisema, na macho ilijaa maji na kicheko pamoya. Mukora weye! Miaka yote ulikuwa unakula kintu tamu vile na unanyamaza?

Rigobert akacheka mpaka akashika nguzo. Mama Albertine akacheka, mbabula sita ikacheka. Kisha Rigobert akaagiza kuku ingine, na gésier ilipofika mu sahani yake, akaipeleka na kidole mu sahani ya bibi.

— Kula, patron.

Samedi Rigobert alipanda ku ngazi yeye mwenyewe, na Léonard chini anamuonyesha herufi, juu ile W ilimusumbua sana. Aliiandika kichwa chini. Avenue yote ilisoma CHEZ MIVINE mpaka saa ine, pale Léonard aliiandika upya. Ile siku bantu ya kwenda ku soko banapita, banasoma kwa sauti, banaita: «Wivine! Wivine!» Na yeye anaitika kila mara, hata kama habamuhitaji.

Na kuku ya Kasomeno? Rigobert alisema ni ya mugini. Ilikuwa ya Kampemba. Alikosea.