Uzi wa Kuanzia

Jina lake silijui. Nikimwombea heri, humwita tu mama wa gurudumu la mwisho, maana kati ya magurudumu ya kusokotea uzi, alikaa kwenye la mwisho siku ya tamasha la sufu, katika ukumbi wa kanisa kule milimani, mjini Semonkong. Hakusalimia mtu kabla ya kusalimia alichovaa. Alishika upindo wa blanketi lako, akausugua kwa kidole gumba, ndipo akasema, "Karibu, mwanangu." Mguu wake haukukoma kukanyaga gurudumu hata akinywa chai, na kicheko alikitoa kwa pua, ili manyoya ya mbuzi yaliyojaa mapajani yasipeperuke.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda, na uzi wangu wa kwanza nilikuwa nimeuficha ndani ya blanketi. Jirani yangu Lineo, aliyenileta, akauchomoa. "Mama, hebu ona! Huyu kasokota mnyoo uliomeza maharage!" Ukumbi ukaangua kicheko, mimi nikatafuta mlango kwa macho. Mama yule hakucheka. Aliupitisha uzi vidoleni, akitua kwenye kila nundu. Kisha akafungua ule uzi mfupi unaokaa daima kwenye gurudumu ili manyoya mapya yapate pa kushikia, akaufunga wangu mahali pake.

"Wangu umelainika, manyoya yanateleza," akamwambia Lineo. "Huu una meno."

Akakanyaga. Manyoya yakaung'ang'ania uzi wangu papo hapo.

"Vuta kiti, mwanangu," akasema bila kuinua macho. "Leo kazi yangu yote inaanzia kwako."