Sonara wa Mstari Mwekundu

Kiwandani walimwita Sonara kwa utani, maana dhahabu ilipita mikononi mwake kila siku na masikioni hakuwa na hata hereni. Dhahabu yenyewe haikuwa ya kuvaliwa. Ilikuwa chembe ndogo mno, hata ukizipanga elfu moja bega kwa bega hazifikii unene wa unywele, na ndani ya maji hazing'ai manjano bali huwa nyekundu iliyoiva. Maji hayo ndiyo yanayochora mstari kwenye kipimo cha mimba.

Ni wanawake wangapi wamecheka na wangapi wamelia kwa wekundu wa mkono wake, Mungu ndiye ajuaye. Yeye mwenyewe, kinyozi hajinyoi. Miaka ya mwanzo ya ndoa alipima mpaka akachoka. Kila mara ulitokea mstari mmoja tu, ule wa kuonyesha kwamba kipimo ni kizima. Akaapa hapimi tena. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Sasa siku zake zilikuwa zimepita, tena zimepita sana. Hakumwambia mtu, hata mumewe, seremala mpole ambaye hata msumari aliugonga kwa huruma. Asubuhi moja alichota maji mekundu kwenye kikombe cha kioo ili akague rangi, akajikuta anawaza mtoto, na machozi yakadondokea humo. Chembe zile hukaa mbalimbali, kila moja na nafasi yake. Zikionja chumvi hukumbatiana, na wekundu hugeuka bluu. Kikombe kikawa bluu mbele ya macho ya msimamizi.

"Sonara, umetia nini humu?"

"Machozi, mama. Nisamehe."

Msimamizi, mama wa makamo mwenye ulimi mkali, alimtazama, akaelewa. Akamwaga kile kikombe, akafungua droo ya vipimo vilivyokwisha kukaguliwa, akamtilia kimoja mfukoni mwa koti.

"Nenda kapime, mwanangu. Leo kikombe, kesho utaniharibia pipa zima."

Jioni alipima, akakiacha kipimo kwenye ukingo wa sinki, akatoka bila kutazama. Yeye aliyekagua maelfu, hiki kimoja kilimshinda. Akamfuata mumewe, akamweleza yote.

"Kaniangalizie wewe, mume wangu. Mimi siwezi."

Seremala alinawa vumbi la mbao, akaingia. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka, sauti yake ilikuwa chini.

"Usihuzunike, mke wangu. Mimi na wewe tunatoshana."

"Umeona nini?"

"Mstari mmoja umekolea vizuri. Huo mwingine umepauka, hata kuuona ni kazi. Nadhani wametupa kibovu."

"Umesema mwingine?"

"Ndiyo, lakini hauna nguvu. Umefifia kabisa."

Sonara alikaa chini palepale mlangoni, akacheka, akalia, akashindwa kuchagua. Alikuwa na furaha iliyomuuma kifua.

"Hata ukififia," alisema, "dhahabu yangu haisimami pale bure. Lazima pawe na mtu wa kuisimamisha."

"Mtu gani?" aliuliza seremala, bado ameshika taulo.

"Mwanao, bwana wee. Mwanao."