Karati Moja na Kidogo

Mimi ni mtu wa mizani. Miaka ishirini na tatu nilipima madini kwenye depo moja nje ya Lubumbashi, pale wachimbaji wanapoleta magunia yao ya mawe ya shaba. Mtu analeta gunia limevimba, kijani juu, kijani chini, unalitazama unalipenda. Ukiliweka kwenye mizani halifiki popote. Basi mtu huyo ataapa kwa jina la marehemu mama yake! Nilikuwa nikiwajibu wote neno moja: macho yanadanganya, mizani hapana. Wengi walinichukia kwa hilo, na mimi sikujali.

Ndiyo maana siku nilipokwenda mjini kumnunulia mke wangu almasi, nilibeba kiburi changu chote.

Mke wangu alikuwa anapoteza macho. Ni presha ya macho, muganga wa hospitali alisema, na kilichokwisha kwenda hakirudi. Wakati ule alikuwa bado anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba lilizidi kuwa jembamba. Mwanamke huyu aliuza samaki wa Kasenga sokoni miaka yote, akanizalia watoto watano, na kidoleni alivaa pete ya shaba niliyotengenezewa na rafiki yangu fundi tulipooana. Siku moja tu, tena kwa mzaha, aliniambia, "Papa, mi nitakufa bila kuona jiwe inawaka ku kidole yangu?" Tulicheka sana. Lakini tulipotoka kwa muganga maneno yale yalinirudia, na hayakuchekesha tena. Nikaamua kwamba ataliona jiwe likiwaka mkononi mwake kabla macho hayajafunga. Sikutaka kingine chochote.

Mwenye duka la vito nililoingia alikuwa mama mmoja wa Butembo, mwenye subira ya watu wa biashara. Aliniwekea almasi mbili juu ya kitambaa cheusi, akanieleza waziwazi kwamba hazikuchimbwa. Zilikuzwa ndani ya mashine, kwenye maabara. Niliruka.

"Aba! Mama, sisi bantu ya Kongo, inchi ya almasi, unaniuzishia almasi ya mashine?"

"Papa, hii ni almasi kabisa. Bugumu ni moja, kuwaka ni moja. Ile ya mu udongo, bei yake utaiweza?"

Hakunitukana, alisema kweli. Basi nikauliza swali ninalolijua: uzito. Akatoa kimizani kinachoenea kiganjani, nikatamani kucheka, mimi niliyezoea kupima tani. Akanifundisha kwamba karati ni uzito, siyo ukubwa, na kwamba karati tano ndizo gramu moja. Jiwe la kwanza lilikuwa na karati moja na kidogo. La pili halikufika karati moja. Bei zao zilikuwa karibu sawa.

Lakini ajabu ni hii: lile jepesi lilikuwa pana zaidi usoni, na lilimetameta. Lile zito lilikuwa dogo kulitazama, tena na kiza katikati.

"Hii iko na tumbo," akasema, akiligeuza lile zito ubavu. "Buzito yake yote iko chini, pale hakuna mutu ataiona. Mwangaza inaingilia juu, inapotea. Kamata ile ingine, Papa. Mama ataiona muzuri."

Sikuwa nimemwambia habari ya macho ya mke wangu. Mambo ya nyumbani kwangu ni ya nyumbani kwangu. Nilijisemea moyoni: huyu anataka kunipa pungufu, na mimi siuziwi mbuzi ndani ya gunia. Nilipe karibu bei ileile halafu nichukue jepesi? Mimi? Nikaonyesha lile zito kwa kidole. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jiwe lilipokwisha kufungwa kwenye pete, adhuhuri moja nilimkalisha mke wangu karibu na dirisha, nikamvika.

"Karati moja na kidogo!" nikajigamba.

Akainua mkono. Akausogeza karibu na uso, akaupeleka mbali, akaurudisha. Mwishowe akaanza kupapasa kwa kidole gumba.

"Papa, jiwe iko upande gani?"

"Angalia muzuri!" nikamkemea. Nilimkemea yeye, Mungu anisamehe, nilipopaswa kujizaba kofi mimi mwenyewe. Akaniomba radhi. Kuombwa radhi kule kuliniuma kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa pale depo.

Kesho yake nilirudi dukani, nikamweleza yule mama yote, mpaka habari ya macho. Hakunicheka. Akakubali kunibadilishia, ila fundi wake wa kufunga mawe alikuwa safarini. Nikangoja wiki tatu. Kila asubuhi katika wiki hizo nilimsikia mke wangu akigonga vyombo jikoni, vile ambavyo zamani hakuwa akivigonga.

Pete ilipokuja, nilimkalisha tena dirishani saa sita mchana. Jiwe liliwaka mpaka cheche zake zikacheza ukutani.

Mke wangu akainua mkono, akatabasamu. "Aa, sasa njo yenyewe! Minaiona, Papa. Inawaka mingi!"

Nilifurahi nusura nicheze. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini mpimaji, kabla ya kuamini mizani, huitazama kwanza ikiwa tupu, na mimi tabia hiyo imeniingia kwenye mifupa. Nikamwambia nataka kuipangusa pete. Nikaivua taratibu, nikaitia mfukoni mwa shati. Kisha nikainua vidole vyangu vitupu mbele ya uso wake, palepale penye jua, kana kwamba vimeishika pete.

"Na sasa?"

Akavielekea vidole vile, bado anatabasamu.

"Bado inawaka," akasema. "Tena inapita ya kwanza. Aksanti, bwana yangu."

Nikaitoa pete mfukoni, nikamvika.

"Ni kweli, Mama," nikamwambia. "Inawaka."