Nilipotoboa Friza la Mama

Mwanangu, nakumbuka vizuri siku nilipotoboa friza la mama yangu pale Kabuku, na mpaka leo nikikumbuka naichukia nafsi yangu.

Nilikuwa kijana, fundi wa majokofu kwenye hoteli moja ya Korogwe. Huko niliona bia ya bomba, inayotoka baridi moja kwa moja kwenye pipa, nikaitaka nyumbani. Mama alikuwa Lutindi akimuuguza dada yake. Nikatoboa mfuniko wa friza lake, maana ubavuni ukikosea unapasua njia za gesi ya kupoza, nikafunga bomba, nikaingiza pipa la bia na mtungi wa gesi ya kuisukuma, nikaunga mipira. Glasi za kwanza zilikuwa povu tupu. Nikapunguza gesi, bia ikatulia, marafiki wakanisifu, na mimi kichwa kikavimba.

Sasa sikia nilichoharibu. Sisi ni Wakristo, wajukuu wa manamba, vibarua walioletwa kukata mkonge. Jirani yetu Bi Mwanahawa alikuwa Mwislamu, na kwa ajili yake mama alitenga sufuria na vikombe. Hata friza halikuwahi kuwekwa pombe wala nguruwe, kwa sababu kila Ramadhani Bi Mwanahawa alileta maji na juisi ya ukwaju vipoe kwetu.

Mama aliporudi alilitazama friza, hata mzigo hajautua.

"Nitalisafisha, mama."

"Safisha. Halafu nenda kwa Bi Mwanahawa, umwambie mwenyewe lilikuwa na nini. Aamue yeye."

Nikatoa mitambo yangu, nikasafisha, nikaziba tundu. Kwa Bi Mwanahawa sikwenda. Nilimwambia mama nimekwenda na amesamehe. Ramadhani ikaingia, madumu ya Bi Mwanahawa yakaletwa, mama akayapokea kwa furaha, na mimi nikanyamaza, mjinga mimi.

Siku ya kumi hivi, rafiki yangu mmoja akaropoka dukani habari za bia yangu, Bi Mwanahawa yupo. Hakugombana na mtu. Alikuja kuchukua madumu yake, akamwambia mama, "Mwenzangu, ungeniambia tu." Mama hakunitaja. Alibeba aibu yangu mpaka alipokufa. Msibani Bi Mwanahawa alikuja, akalia na sisi, akanywa maji ya chupa aliyotoka nayo kwake.

Mwanangu, bia yako itafutie friza lako mwenyewe. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: ukichafua kitu ambacho mwenzako anakiamini, mwambie kwa mdomo wako kabla hajakitumia tena. Mungu akupe ujasiri nilioukosa mimi, na jirani zako wasiogope kunywa maji nyumbani kwako.