Bahasha ya Dada Zuhura Niliyoifungua Chooni

Nimekaa na aibu hii muda mrefu, na leo naisema kwa sababu mmenibana tu.

Dada yangu Zuhura wa Kisarawe alikatwa titi kwa saratani, akameza vidonge vya kuzuia homoni miaka mitatu, tukajua yamekwisha, halafu mgongo ukaanza kumuuma, wakachukua kinyama mfupani wakapime. Siku ya majibu nikatumwa maabara, nikapewa bahasha imefungwa kwa gundi nimpelekee daktari. Sasa mimi (fundi cherehani wa Maili Moja, mteja akileta mita tatu za kitambaa lazima nizipime upya) nikaifungua chooni.

Kiingereza changu cha kuokoteza, lakini titi nililiona, mfupa nikauona, na nilipolinganisha na majibu ya zamani niliyoyapiga picha kwenye simu, kwenye mstari wa homoni palipokuwa chanya sasa pameandikwa hasi. Nikasema hapa pana mchezo. Titi limeshatolewa, mgongoni limefikaje? Wamechanganya kinyama cha dada na cha mtu mwingine. Nikarudi kumchungulia karani wa maabara, akainamisha macho kwenye daftari, basi nikaona huyo anajua kitu.

Nikaingia ukumbi wa kumsubiri daktari, mabenchi yamejaa, nikasimama katikati. "Jamani, kila mtu akague majibu yake, humu wanachanganya watu. Dada yangu aliumwa titi, leo wanamwandikia saratani ya mifupa."

Bahasha zikaanza kuchanwa, mzee mmoja aliyetoka Dutumi akaninyooshea ya kwake nimsomee (miwani kaisahau), muuguzi anatuomba tukae, hakuna anayekaa. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mifupa?"

Alikuwa dada. Nilisahau kabisa kwamba yuko pale benchini.

Daktari, binti mdogo tu, akatuingiza chumbani, akafunga mlango.

"Mama, hakuna kilichochanganywa," akaniambia. "Seli chache zilitoka titini kabla hatujalikata, zikapita kwenye damu, zikatulia mfupani. Zikizaliana hazibaki zilezile. Zilizoshindwa na vidonge zilikufa, zilizobadilika, zisizohitaji homoni tena, zikabaki zikaongezeka. Ndiyo maana majibu hayafanani, na ndiyo maana tunabadilisha dawa. Nilitaka kumweleza mgonjwa mwenyewe, kwa utaratibu."

Nikatamani sakafu inimeze. Dada hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alisema tu, "Mdogo wangu, nilikuja na wewe ili nikiyasikia uwe umenishika mkono."

Nilipotoka nikapita benchi kwa benchi kuomba radhi, mpaka kwa karani, ambaye safari hii aliniangalia vizuri sana.

Dada anaendelea na dawa mpya, anatembea, mgongo umepungua kuuma. Mimi kushuku sijaacha, nisiwadanganye, nimezaliwa hivi. Ila bahasha ya mgonjwa sifungui tena maisha yangu, na nikiwa na shaka naiuliza ndani, mlango umefungwa, baada ya kumshika dada mkono kwanza.