Mkono Uliomchanja Lambert

Kisangani ya miaka ile, kichwa kikikuuma mpaka vidonge vya hospitali vishindwe, uliambiwa nenda kwa Mama Sikujua. Alikaa mtaa wa Waislamu, mjane, na kazi yake ilikuwa kupiga chuku: anakuchanja kidogo kwa wembe, anaweka pembe ya ng'ombe juu ya jeraha, anaivuta kwa mdomo hadi damu mbaya itoke, nawe unarudi kwako mwepesi. Wapo waliouliza ataanza lini, kumbe ameshamaliza. Mkono wake ulikuwa laini, mdomo wake hapana. Aliyelialia kwenye mkeka wake alipewa maneno kwanza, ndipo akapewa dawa.

Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa Lambert, mtoto wa wavuvi wa maporomokoni, aliyesomeshwa na mapadri akawa karani wa serikali. Lambert alivaa tai hata siku ambazo mbuzi wenyewe walitafuta kivuli, na Sikujua hakuacha kumtania kwamba iko siku itamnyonga. Mkewe, Honorine, alikuwa akicheka kuliko wote.

Utani huo uliisha mwaka 1964, waasi walioitwa Simba walipouteka mji. Walisema wamekuja kutuletea uhuru wa kweli, kwani ule wa kwanza umeliwa na wachache. Watu walicheza barabarani, na Sikujua naye alipiga vigelegele, ya nini kuficha? Siku si nyingi wakaanza kuwatafuta hao wachache. Karani, mwalimu, yeyote aliyejua kushika kalamu, alikuwa adui. Waliburutwa hadi kwenye mnara wa waziri mkuu aliyeuawa, wakauawa pale mbele ya umati, leo hawa, kesho wale, hata wakazi wa karibu wakaacha kufungua madirisha.

Lambert alihamia chumba cha ndani cha Sikujua, nyuma ya magunia ya mchele. Alikuja na redio yake ndogo, akawa anaisikiliza imebanwa sikioni na kumtafsiria mwenyeji wake. Kila jioni dunia iliitaja Kisangani. Iliwataja Wazungu walioshikwa mateka, ikasema wanalala wapi na nani anawaombea. Sikujua aliuliza kama wamemtaja mwalimu Timothée, aliyekufa mnarani mchana kweupe. Lambert akasema bado. Siku nyingine akauliza tena, jibu likawa lile lile, na Sikujua akamwamuru aizime, kwani mabetri ni ghali na uongo ni bure. Hata mimi ninayesimulia nikifika hapa napandwa na hasira.

Simba walikuwa na miiko yao. Kila mpiganaji alichanjwa chale kifuani na mganga, awe mwanamume au mwanamke, akapakwa dawa, na baada ya hapo risasi, waliamini, ilikuwa maji tu kwake. Lakini tangu hapo akiguswa na mwanamke dawa imekufa. Ndiyo maana nyumba ya mjane hawakuipenda. Tatizo ni kwamba walianza kupekua nyumba zote, na Sikujua akaona magunia ya mchele hayatamficha mtu mzima milele. Akatoa wembe.

Lambert alikataa. Alisema yeye ni Mkristo, hawezi kubeba alama ya wauaji wa wenzake. Sikujua akamwambia:

"Lambert, mutoto yangu, alama iko ya mukono yangu, haiko ya bale batu. Vua chemise."

Akamchanja chale tatu kifuani. Sasa, chale ya chuku ikiachwa safi hupona na kufutika upesi. Hilo kila mpiga chuku analijua. Ya Simba ilibaki nyeusi kwa ile dawa yao. Kwa hiyo Sikujua alikwangua masizi chini ya sufuria, akayasugua ndani ya majeraha kwa kidole, taratibu, yaingie vizuri. Hakuna siku aliyofanya kazi yake kwa uangalifu kama siku ile.

Walikuja. Vijana watatu, majani kichwani, mikuki mkononi, macho mekundu kwa bangi. Wakamkuta Lambert amekaa uani kwa Sikujua kifua wazi, hana tai wala viatu, kama alivyofundishwa. Mkubwa wao alizitazama chale kwa muda mrefu. Kisha akamwita Honorine, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, akamwamuru amshike mkono yule bwana. Honorine alisogea. Lambert aliruka nyuma kana kwamba mkewe ni moto, akamtukana matusi ambayo hajawahi kuyatamka, kwamba anataka kumuulia dawa yake. Vijana wakacheka, wakaenda zao. Honorine alirudi kwenye kinu, akatwanga sombe ambayo ilikuwa imeshalainika zamani, na hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Basi ikafika asubuhi ya ndege, mwezi wa kumi na moja. Askari wa Kibelgiji walishuka kwa miavuli kutoka ndege za Kimarekani, na dunia ikawa imefika kuchukua watu wake. Katika fujo hiyo Simba waliwapiga mateka risasi barabarani, pamoja na watoto, na aliyeona hakusahau. Nyuma yao wakaingia wanajeshi wa serikali pamoja na Wazungu wa kukodiwa. Ikavuma kwamba makarani wa serikali nao watapandishwa ndege hadi Léopoldville, mji mkuu. Lambert akafunga tai yake. Akamwambia Honorine anatangulia kuomba nafasi, atarudi kumchukua. Akaenda uwanja wa ndege karibu anakimbia, na Sikujua alimsindikiza kwa dua.

Haikuchukua muda, kilio kikasikika mtaa wa pili. Wanajeshi walikuwa wanavua wanaume mashati. Mwenye chale ni Simba, na Simba hahojiwi. Walikuwa wanawatafuta pia waganga waliowachanja, hata wanawake. Sikujua alisikia hayo. Akafunga pembe zake ndani ya kitenge ziwe ushahidi, akashika njia ya uwanja wa ndege. Njiani alikuwa akiyapanga maneno: mimi ni mpiga chuku, chale hizi ni zangu, huyu nilimficha wasimuue. Alijua anayesema hivyo anaweza asirudi nyumbani.

Uwanjani Wazungu walikuwa wanapanda ndege wamefunikwa blanketi, wengine wakilia, na picha zilikuwa zinapigwa. Upande wa pili, karibu na mapipa ya mafuta, wanaume weusi walisimama vifua wazi. Lambert alikuwa kati yao, tai imebaki shingoni bila shati. Askari alikuwa anamuuliza kwa Kilingala nani aliyemkata. Lambert alianza kueleza kwamba si kama wanavyodhani, kwamba kuna mama mmoja. Hapo akainua macho, akamwona Sikujua amepenya umati, pembe mkononi, mdomo unafunguka.

Akageuka kwa askari.

"Ni Basimba," alisema. "Mi mwenyewe niliitika. Hakuna mutu mwingine."

Sikujua alisema yake yote. Aliyasema kwa Kiswahili na kwa Kilingala, lakini ndege ilikuwa imeanza kunguruma na hakuna aliyegeuka. Lambert alipelekwa nyuma ya mapipa. Ndege ikaondoka.

Honorine alikuwa amekaa uani, mzigo wa nguo umefungwa tayari. Sikujua hakumficha neno, hata la masizi. Honorine alisikiliza hadi mwisho.

"Alikuona?" aliuliza.

"Aliniona."

"Mbele ya kusema vile, ao nyuma?"

"Mbele, mama. Aliniona kwanza, ndiyo akasema."

Honorine alilia, akalia sana, na Sikujua hakuthubutu kumshika. Siku zile zilizofuata mjane huyo wa zamani hakugusa chakula, akawa analala tu ameelekea ukuta, mpaka Honorine alipoingia na sahani ya wali na sombe, akaiweka mbele yake, akakaa chini.

"Bwana yangu alikufa juu wewe uishi," alimwambia. "Alors, kula."

Sikujua akala.