Kiti cha Pweza na Herufi Moja

Mgeni akiingia sebuleni kwangu hapa Nyeri haulizi habari kwanza. Anasimama mbele ya tangi la vioo, anaweka mkono mdomoni, kisha anasema, "Ati hiyo ni nyota?" Nami humwambia hapana, kwa Kiswahili hicho ni kiti cha pweza. Hapo anacheka, maana kiti anakijua na pweza hajawahi kumwona, na mimi nakasirika kidogo kila mara. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nimezaliwa Mombasa, na katika mambo ya lugha sina dogo.

Tangi alinitengenezea mume wangu. Yeye ni dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa huku huku, na aliponioa na kunileta Nyeri nililalamika mpaka akachoka. Baridi ilinikalia kifuani. Samaki wa sokoni walikuwa wa mtoni na wa bwawani, hawana harufu yoyote ninayoijua. Basi akaanza kuniletea bahari kidogo kidogo kila safari ya pwani: chumvi maalumu ya kuchanganya na maji, mawe ya mwamba yenye viumbe vidogo ndani yake, samaki wawili wa rangi ya chungwa, na mwisho kiti cha pweza, cha kijivu chenye vifundo vyekundu mgongoni, kutoka kwa mfanyabiashara mwenye kibali. Kilisafiri ndani ya mfuko wa maji, kwenye kikasha cha barafu kisicho na barafu, na mume wangu aliniambia alikuwa akikiamkia kila aliposimama kunywa chai.

Kiti cha pweza kinadeka kuliko mtoto wa mwisho. Hukitoi nje ya maji hata kidogo, hewa ikiingia mwilini inakidhuru. Siku ya kufika hukitumbukizi tu tangini. Unakidondoshea maji ya nyumba yako tone baada ya tone mpaka kizoee. Dawa za samaki zenye shaba zinakiua. Na maji ya tangi yakipungua kwa joto la hita usiongeze maji ya chumvi, maana yanayoruka ni maji peke yake, chumvi inabaki palepale. Unaongeza maji matamu, halafu unapima. Haya niliyajua kwa moyo kama mashairi.

Kulisha nako kuna adabu yake. Unakata kipande cha kamba wa baharini, kidogo kama ukucha, unakishika kwa koleo refu na kukisukuma chini ya mkono wake, karibu na mdomo ulio tumboni. Akipenda, anajikunja juu yake kama mtu anayeficha kitu shukani, na tumbo lake linatoka nje kwenda kukifuata chakula. Tazama, hata mimi naanza kumwita yeye. Asipopenda, kipande kinabaki pale na samaki wanakiiba. Usimpe kila siku, maji yatachafuka. Lakini usimsahau, maana kinachowaua wengi majumbani mwa watu ni njaa, na ni njaa ya taratibu sana. Kiti cha pweza hakikondi. Ngozi yake ni ngumu, inashika umbo lile lile miezi kadhaa huku ndani kumekwisha. Unapita unakitazama, kimekaa juu ya jiwe lake, unasema kizima.

Mama mkwe wangu alihamia kwetu kutoka shambani, upande wa Karatina, baada ya kuanguka jikoni kwake. Mume wangu alimleta, akamkalisha kwenye kochi linaloelekea tangi, akaniambia mlangoni alipokuwa akiondoka, "Mama nakuachia wewe." Kwake hayo yalikuwa maneno mengi.

Mama alikuwa wa kizazi kile cha mlimani kisichokula samaki. Kwake samaki ni nyoka wa maji, basi. Kamba wangu nilimfunga kwenye mifuko miwili na kumficha chini kabisa kwenye friza ili asikutane na nyama ya mbuzi. Wiki za mwanzo hakulitazama tangi. Aliketi ubavu. Halafu siku moja nikamkuta amesogeza kochi, miwani puani, akimtazama kiti cha pweza akipanda kioo.

"Haina kichwa," akaniambia. "Inajuaje kwenye inaenda?"

"Inajua tu, mama."

"Haina kichwa na inakataa haraka. Hii ni mzee."

Akaanza kukiita mzee. Baadaye akaomba koleo. Alikuwa na mkono mtulivu kuliko wangu, na ingawa alifunga leso puani, kipande alikifikisha pale pale panapotakiwa.

Kiswahili chake kilinifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. Alikuwa na kitabu yangu, viatu zangu, na zaidi ya yote alikuwa na r mahali pote ninapoweka l. Kulala ikawa kurara. Lakini ikawa rakini. Nami kazi yangu sikuiacha shuleni.

"Mama, kura tunapiga. Chakula tunakula."

"Sawa, mwarimu. Nimekura na nimepiga."

Tulicheka sana na hilo. Likawa letu. Nikajisifu mbele ya walimu wenzangu kwamba Kiswahili cha bara nimekimaliza: ukisikia r, weka l, endelea na safari. Kikuyu nilijua salamu na majina ya vyakula, nikaona yanatosha.

Kisha nikahamishwa kwenda shule moja ya bweni upande wa Nanyuki. Nilipanga chumba huko, nikawa naondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa. Mama jirani, mjane anayefuga kuku nyuma ya nyumba yetu, alikubali kumpikia mama mchana na kumwachia chakula cha jioni kwenye hotpoti. Tangi lilikuwa chini ya mama. Nilimwandalia vipande vya kamba tayari kwenye kikopo, nikamwonyesha maji matamu ya kuongezea na alama ya kufikishia. Aliniambia niende nikafundishe watoto, nisijari.

Jioni, kabla ya zamu yangu ya kusimamia masomo ya usiku, nilimpigia simu. Simu zetu zilikuwa fupi, maana alishika simu kama kitu kinachoweza kumwunguza. Nilianza na umeme, maana ukikatika pampu ya tangi husimama.

"Mama, stima haijapotea?"

"Iko."

"Kiti kimekula?"

"Imekura."

"Na wewe mama, umekula?"

"Ata mimi nimekura. Rara sarama, mwarimu."

Nikatabasamu kwa ile r, nikaingia darasani. Mume wangu alipopiga kutoka barabarani, mara yuko mpakani, mara gari limekwama kwenye tope, aliuliza swali moja kabla ya mengine yote: mama anakula? Nikamjibu anakula vizuri, nimetoka kuongea naye sasa hivi. Alishusha pumzi nikaisikia.

Ulikuwa msimu wa baridi, ule wa ukungu usioondoka mpaka adhuhuri, na Nyeri nzima ilikuwa imevaa kila ilicho nacho. Mama alivaa sweta juu ya sweta, shuka juu yake, kofia ya sufu. Mwisho wa juma nilimkuta amekaa mbele ya hita ya tangi, akidai ndiyo moto pekee wenye akili katika nyumba hii. Mezani alishika kikombe cha uji kwa mikono miwili, muda mrefu, akisema alikunywa chai nzito asubuhi. Nilikuwa na karatasi za kusahihisha. Kiti cha pweza kilikuwa juu ya jiwe lake, mikono yote imetandazwa, na kwa kuwa kilikuwa kimekula wiki nzima, niliambiwa, nikakiacha kipumzike. Nilifanya kama kitabu kinavyosema.

Ijumaa moja nilifika nyumbani mapema, jua bado lipo. Mlango ulikuwa wazi. Niliingia nikaelekea tangini kama mgeni yeyote, hata kabla ya kuvua viatu, na nikakiona kiti cha pweza kimelala chali kwenye mchanga. Kilicho na afya kikigeuzwa hujipindua chenyewe. Hiki hakikujaribu. Ncha za mikono zilikuwa nyeupe na zinamomonyoka. Nilipokigusa kwa kidole kilikuwa laini, chini ya ile ngozi hamkuwa na kitu.

Hasira ilinipanda. Nasema ukweli, ilikuwa hasira kwanza. Nilifungua friza na kikopo cha kamba kilikuwa karibu kijae, vipande vimegandana.

"Mama, si uliniambia kimekula? Kila siku nimekuuliza, kila siku umeniambia kimekula!"

Aliinua uso kutoka kwenye shuka yake. Hakuwa na hatia usoni. Alikuwa ameshangaa.

"Mimi nirisema imekura."

"Ndiyo, imekula!"

"Imekura," akasema polepole, kama anavyoongea mwalimu na mwanafunzi mzito. "Kukura. Kuwa mzee. Niriwekea nyama, ikakataa. Nikaweka tena, ikakataa, samaki ndio inakuja kuiba. Nikaacha. Ukiniuriza, nakwambia imekura. Kitu ikikataa chakura, hiyo imekura. Ata mtu."

Nilisimama na kikopo mkononi, barafu inanichoma vidole.

Kwa Kikuyu gũkũra, kwa Kiswahili chake kukura, ni kuzeeka. Hilo neno limekuwa likipita masikioni mwangu miaka yote hii, sokoni, kanisani, kwenye mazishi, na mimi nikilisahihisha kimoyomoyo na kuweka l. Nilimsikia mama kila jioni akiniambia kwamba kile kiumbe kinaisha, nami nikasikia kimeshiba. Kisha lile swali la pili likanirudia, pamoja na jibu lake. Ata mimi.

Niliweka kikopo chini. Nikamwendea, nikapiga magoti, nikashika mkono wake na kupandisha sweta, na la ndani, na la ndani yake tena. Mkono ulikuwa mfupa uliovikwa ngozi. Alijaribu kuurudisha ndani kwa aibu, kama nimemvua nguo mbele ya watu.

"Mama, tangu lini?"

"Chakura haishuki," akasema. "Inasimama hapa." Akagusa chini ya koo. "Kwanza ugari. Harafu githeri. Sasa ata uji inasimama inafikiria."

"Na hotpoti inarudi tupu!"

"Kuku ya mama jirani wako na njaa pia."

Alitaka nicheke. Kuku wale walikuwa wamenenepa hata mimi nilikuwa nimewasifia. Sikuweza. Nililia pale pale magotini pake, na yeye akanipapasa kichwa, akiniambia pore, pore mwarimu, akidhani nalilia kiti cha pweza, au akijifanya anadhani hivyo. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia wazi. Akasema aliniambia. Aliniambia kila siku.

Hospitalini waliingiza kamera kooni na kututoa nje kutueleza. Njia ya chakula imebanwa na uvimbe. Wangejaribu kuifungua kwa kijimrija ili vitu laini vipite, na mambo mengine yangefuata majibu ya vipimo. Daktari alituuliza kwa upole dalili zilianza lini, na mume wangu, aliyekuwa ameliacha lori kwa mwenzake na kurudi, alinigeukia mimi. Mimi ndiye niliyeachiwa. Nilimweleza yote pale pale koridoni, neno kwa neno, kula na kukura. Kisha akasema mama yake amekuwa akisema hivyo hata kwenye simu naye, kwa Kikuyu, na yeye alimjibu kila mzee husema amezeeka. Hakunilaumu. Heri angenilaumu kidogo.

Kiti cha pweza kilikufa kabla hatujarudi. Nilikitoa, na kwa mara ya kwanza kikaguswa na hewa. Nilikizika chini ya mti wa parachichi, kisha nikabadilisha maji mengi ili kisiwachafulie samaki. Tangi sikulizima. Mama amerudi kwenye kochi lake, na anasema ile sauti ya pampu inamsaidia kulala. Mrija umewekwa. Uji mwepesi unashuka siku nyingine, siku nyingine haushuki, na majibu ya vipimo yalipokuja hayakuwa ya kutufurahisha. Nimeomba shule ya karibu na sijajibiwa. Mama jirani sasa anaketi na mama mpaka kikombe kiishe, na kuku wamerudi kwenye hali yao ya kawaida.

Mimi nimeanza kujifunza Kikuyu. Walimu wenzangu wananitania kwamba sasa r ndiyo inanitoka mahali pa l. Sentensi ya kwanza niliyoishika vizuri nilimwomba mume wangu anifundishe, akairudia mara nyingi, naye akageukia dirishani tulipomaliza. Katika Kikuyu kula ni kũrĩa, hakukaribii kabisa kuzeeka, na hakuna mahali pa kujificha.

Jumatatu jioni nikapiga simu kutoka Nanyuki. Sikuuliza habari ya stima wala ya samaki.

"Maitũ," nikasema, "nĩwarĩa?" Mama, umekula?

Nilisikia pampu ya tangi nyuma yake, ikipiga maji.

"Aca," akanijibu. Hapana.